Jino Langu, Malkia na Mgongo wa Baba Mkwe

Ijumaa, alasiri. Nyaramba kumefunga mawingu tangu asubuhi. Mvua inatishia tu, hainyeshi, na nguo nilizoanika nimeziingiza na kuzitoa mpaka nimechoka nazo. Nimekaa jikoni kwa mama mkwe. Mdomo wangu umevimba upande mmoja, na ndani ya mdomo huo kuna waya.

Daktari amenikataza kuongea sana. Mimi! Mimi ninayeuza nguo za mitumba Daraja Mbili, ninayeita wateja kuanzia asubuhi mpaka wenzangu wanafunga vibanda. Kunikataza mimi kuongea ni kunikataza kupumua. Basi nitaandika. Vidole havina waya.

Jana nilipoteza jino la mbele.

Kisha likapatikana. Kisha likapotea tena, na aliyelipoteza mara ya pili ana mabawa. Lakini ngoja nianze panapostahili, maana hata mimi mwenyewe bado sijaamini yote yaliyotokea.

Mama mkwe yuko makambi. Kila mwaka Wasabato wa upande huu hufunga virago, wakapiga mahema, wakaimba na kuhubiriwa wiki nzima, na mama mkwe hajawahi kukosa hata yale ya mwaka aliovunjika mguu. Safari hii amemchukua na binti yangu, Moraa, amfundishe nyimbo. Mume wangu Ombati yuko Nakuru kazini. Nyumbani alibaki baba mkwe peke yake, Tata kama tunavyomwita, kwa sababu mgongo wake haupatani na magodoro ya hema. Tata ana ugonjwa wa viungo, vidole vyake havikunjiki vizuri. Kufunga vifungo vya koti ni kazi ya robo ya asubuhi. Kukamua ng'ombe hawezi kabisa. Ndiyo maana Ombati akanipigia simu, akanibembeleza nifunge kibanda siku chache nije kumkamua Malkia.

Malkia ni ng'ombe. Jina alipewa na mama mkwe, na ng'ombe akaliamini.

Mimi nimelelewa Kisii mjini, maziwa tukinunua kwa pakiti. Kukamua nimejifunza baada ya kuolewa, na Malkia anajua. Nikimshika tu anageuza shingo, ananitazama kutoka kichwani hadi kwenye ndara, halafu anapumua kwa nguvu.

Sasa kuhusu jino. Si jino hivi hivi. Ni moja ya yale mawili ya juu, ya mbele kabisa, na kati yake kuna mwanya. Siyo majivuno, ni ukweli: huo mwanya umenilisha na umeniozesha. Ombati alikuja kibandani kutafuta suruali, nikacheka, akarudi kesho yake kutafuta suruali nyingine, na kesho kutwa nyingine, mpaka nikajiuliza huyu kijana ana miguu mingapi. Wateja wangu wengine hunifanyia mzaha ili nicheke tu. Ninyime kiuno, ninyime urefu, lakini mwanya wangu niachie.

Na kuhusu Tata. Hapa lazima nieleze, maana asiyetoka kwetu ataona mzee huyu ana kichaa.

Kwetu kuna chinsoni. Ni ile aibu ya heshima kati ya mtu na wakwe zake. Baba mkwe hamgusi mke wa mwanawe, hata mkono hampi. Haingii nyumbani kwake. Hamkodolei macho. Vijana wa siku hizi wamelegeza, wengine wanakumbatiana na wakwe zao mchana kweupe na kupiga picha. Tata hajalegeza chochote. Akitaka kunipa chumvi, anaiweka juu ya jiwe, anarudi nyuma, anageuka, mimi naichukua. Tukisalimiana yeye anaisalimia milima. Tangu niolewe nimeuona mgongo wa Tata kuliko uso wake.

Nikiri tu hapa, kwa kuwa ni shajara yangu: nilikuwa nikifikiri ananidharau. Heshima ninaijua, lakini mtu akikupa mgongo miaka yote, kuna siku unajiuliza kama ni heshima ama hakupendi tu. Mimi Mkatoliki, mwuza mitumba, mtu wa kelele. Nilishajiambia mzee alitaka mwalimu Msabato mpole akaletewa mimi.

Basi jana jioni nilikuwa nimekamua nusu ndoo. Nikajiona mjanja. Nikaiweka ndoo juu ya ukuta wa zizi, mbali na mateke ya Malkia, kisha nikainama kumwongezea majani horini. Wakati huohuo nzi akatua sikioni mwa Malkia, na Malkia akarusha kichwa kumfukuza.

Hakuwa na ubaya na mimi. Nataka hilo lieleweke. Nzi aliruka, mimi sikuruka.

Nilisikia mlio mdogo ndani ya kichwa, nikajikuta nimeketi kwenye tope. Ulimi ukaenda kukagua, kama kawaida ya ulimi, ukafika mahali pa jino ukakuta uwanja. Damu ikajaa mkononi. Nikapiga yowe ambalo naamini lilisikika hadi kwa wale waliobaki bila kwenda makambi.

Tata alikuwa mbele ya nyumba yake na redio. Alikuja mbio, mzee wa umri ule, mkono mmoja umeshikilia kofia kichwani, koti likipepea. Alipofika mlangoni mwa zizi akafunga breki. Akasimama kiubavu. Akauangalia mlima wa ng'ambo, akauuliza kwa Kikisii:

"Mama Moraa, aliyeumia ni ng'ombe ama ni wewe?"

Nikasema jino. Lilitoka kama upepo, lakini alielewa. Akaniambia nisisimame, nisije nikalikanyaga. Kisha akaanza kulitafuta. Shida ni kwamba alilitafuta kila mahali isipokuwa upande niliokaa mimi, kwa sababu upande huo hawezi kuuangalia. Upande wangu nikautafuta mwenyewe kwa mkono mmoja, mwingine umeziba mdomo. Malkia anatafuna tu.

Alilipata Tata, kando ya hori. Jino zima, na mzizi wake. Akaliinua kwa vidole viwili vile vigumu, akaligeuza kwenye mwanga, akashusha pumzi.

Halafu tukakwama wote wawili. Jino alikuwa nalo yeye, na mdomo ulikuwa kwangu.

Mtu mwingine angelinyoosha mkono akanipa. Tata akafanya kama anavyofanya na chumvi. Akachuma kipande cha jani la mgomba, akalitandika chini kwa adabu, akaliweka jino katikati, akarudi nyuma hatua kadhaa, akageuka kunipa nafasi. Mimi nilikuwa bado ninajifuta damu kwa leso, najikusanya nisimame.

Katika boma hili, kitu kikiwekwa juu ya jani la mgomba chini, anayekijia kwanza ni jogoo. Ni desturi yake.

Nilimwona akija. Nikajaribu kumwambia Tata, lakini mdomo ulitoa povu jekundu tu. Jogoo aliinamisha kichwa, akalitazama jino langu kwa jicho la kushoto, akalitazama kwa jicho la kulia, akalidokoa, akaondoka nalo.

Sijawahi kumwona baba mkwe akikimbia namna ile. Aliruka mfereji. Walizunguka tangi la maji, wakapita chini ya nguo zangu, wakaingia kwenye migomba na kutokea upande wa majani chai. Tata anamwita jogoo kwa majina ambayo mzee wa kanisa hapaswi kuyajua. Mimi nimeketi kwenye tope, ninalia na kucheka kwa pamoja, na kila nikicheka inauma. Mwishowe Tata akavua kofia akaitupa, ikampata jogoo mgongoni, jogoo akapiga kelele. Kupiga kelele ni lazima ufungue mdomo. Jino likadondoka pembeni mwa chai.

Safari hii aliliweka juu ya ukuta.

Kisha akasema ni chafu, lazima lioshwe, akaenda kuchukua majivu. Majivu ndiyo husafisha sufuria hapa nyumbani, na Tata husafishia meno yake hayohayo, na meno yake bado yapo yote. Wakati ameenda, mimi nikakumbuka Daktari Mutiso.

Daktari Mutiso ni daktari wa meno pale Kisii mjini, mtu wa Machakos, mrefu mno. Mashati ya mikono inayomtosha ni shida kupatikana, kwa hivyo nikifungua belo la mitumba nikaona shati lenye mikono mirefu ninamwekea. Ndivyo nilivyokuwa na namba yake. Nilipiga. Akaitika, akanisikiliza, hakuambulia neno. Nikafungua sauti ya simu ili isikike, nikaiweka ukutani kando ya jino, nikamwonyesha Tata kwa kidole. Tata alivua kofia, ambayo alikuwa ameshaiokota, maana daktari ni daktari hata kama yuko ndani ya simu. Mkono mwingine ulikuwa na majivu. Akahamia kwenye Kiswahili chake cha wageni.

"Daktari, hii jino imetoka yote na mizizi yake. Sasa nataka kuisugua na majivu, iwe safi."

"Hapana! Mzee, usisugue! Usiguse mzizi! Weka hayo majivu chini!"

Tata aliyaachia papo hapo kama ameambiwa yanawaka.

"Shika upande ule wa kutafunia peke yake. Kuna maziwa hapo?"

"Maziwa iko. Ni ng'ombe ndio imetoa jino."

Daktari hakuuliza zaidi. Akasema jino lisuuzwe kwa maziwa, upesi, bila kusuguliwa, kisha lirudishwe mahali pake sasa hivi. Tusingoje kufika kwake. Likikaa nje linakufa, na likishakufa hata yeye hataweza kulifufua.

"Haya, mzee. Angalia mdomoni mwake uniambie pengo liko wapi na kama kuna jino jingine limevunjika."

Malkia akatikisa mkia.

"Mzee, uko?"

"Niko. Daktari, mimi ni baba ya bwana yake."

"Vizuri sana. Angalia basi."

"Umesikia lakini hujaelewa. Mimi ni baba ya bwana yake."

"Nimesikia, mzee! Angalia mdomo!"

"Kwa mdomo ya huyu mama mimi siwezi angalia. Hata kama ni wewe huwezi. Uliza mtu yeyote Kisii atakuambia."

Nilisikia daktari akivuta pumzi ndefu huko aliko. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kidogo: "Sawa, mzee. Heshima ni nzuri. Lakini akibaki na pengo maisha yake yote kwa sababu ya heshima yako, utasema umemheshimu?"

Niliuona mgongo wa Tata ukifikiri.

"Ngojea kidogo," akasema. Akaingia nyumbani kwake. Akatoka na kioo chake cha kunyolea ndevu, kile cha fremu ya chuma kilichopasuka pembeni.

"Mimi nitashika kioo," akamwambia daktari. "Yeye mwenyewe ataangalia. Mimi nitaangalia majani chai."

Na ndivyo tulivyofanya. Akasimama kanipa mgongo, akainua kioo juu ya bega lake, uso kauelekeza kwenye chai. Mimi nikasogea nyuma yake. Nikilia "mm" anashusha, nikilia "mm-mm" anainua. Ukituona kutoka barabarani ungedhani ni mchezo wa kuigiza wa shule.

Nilijiona. Afadhali nisingejiona. Lile pengo! Mwanya wangu ulikuwa umegeuka mlango wa ghala. Jino la pili limesimama peke yake linashangaa. Nikalisuuza jino kwenye kikombe cha maziwa, nikalishika upande wa kutafunia kama nilivyoagizwa, nikashtuka lilivyo refu. Kumbe jino kubwa lote huwa limejificha, tunaona ncha tu. Nikalisogeza pengoni.

"Upande ule laini, wa mviringo, uangalie nje," sauti ya daktari ikasema. "Ule wenye kishimo uangalie ulimi."

Nikatazama. Nilikuwa nimelishika kinyume. Nikaligeuza, nikasukuma.

Sitaeleza maumivu hayo. Nimezaa, najua ninachosema, na bado sitaeleza. Jino likateleza likatoka. Nikalidaka kwenye leso, nikalisuuza tena, vidole vikashindwa hata kulishika. Nikaegemea ukuta nikalia, kilio cha kweli sasa, cha mtoto. Niliogopa. Niliona jino la plastiki. Nilijiona nikificha mdomo kwa kiganja kila nikicheka, kama wale wamama ninaowajua sokoni. Nikajiambia nimeshindwa, liende tu.

Tata hakugeuka. Aliongea akiwa amenipa mgongo uleule, polepole, kwa Kikisii.

"Mama Moraa, kioo nimekishika. Mkono haujachoka. Chukua muda wako."

Mkono ulikuwa umechoka. Kioo kilikuwa kinatikisika mpaka uso wangu unacheza ndani yake. Ni vidole visivyoweza kufunga kifungo, na vimeng'ang'ania chuma kile juu ya bega tangu tulipoanza, na havishuki. Nilivitazama vidole hivyo. Sijui ni nini kilinipata. Nikasimama, nikapanua mdomo, nikalisukuma lile jino kama ninayefunga buti la gari lililojaa, mpaka likalingana na mwenzake.

"Limeingia?" akauliza.

"Mm."

"Asifiwe Bwana," akaiambia chai.

Daktari akaagiza niume kitambaa safi kulishikilia, twende kwake mbio. Tata akatoa leso yake mfukoni, nyeupe, imepigwa pasi na mama mkwe kwa ajili ya Sabato. Akaiweka ukutani, akarudi nyuma. Lakini safari hii alibaki amesimama karibu, mguu mmoja mbele, akimsubiri jogoo ajaribu tena.

Akaita pikipiki mbili. Moja ingetutosha, ila kwenye pikipiki moja tungegusana, na mzee alikuwa ameshaponea chupuchupu siku hiyo. Yeye akatangulia, mimi nikafuata na leso ya Sabato mdomoni. Kila tulipofika penye matuta alimpungia mkono mwendeshaji wangu apunguze. Hakuangalia nyuma hata mara moja. Alipungia tu.

Kliniki, Daktari Mutiso alinikaribisha akiwa amevaa shati nililomuuzia. Nikafarijika kidogo. Akapiga picha ya meno, akasema nimelirudisha vizuri kuliko alivyotarajia, akalinyoosha kidogo, kisha akalifunga kwa waya mwembamba alioubandika kwenye meno ya jirani. Nikadungwa na sindano ya pepopunda. Muuguzi aliuliza jino lilianguka wapi, nikamwandikia: kwa zizi, halafu kwa jogoo. Alisoma mara mbili.

Daktari aliniuliza kama, kwa kuwa anafanya kazi hapo hapo, ningependa auzibe ule mwanya. Nilimkazia macho mpaka akaomba msamaha.

Hakunidanganya. Alisema waya utakaa wiki mbili, na kabla haujatoka itabidi asafishe mzizi kwa ndani, kwa sababu uhai wa jino umekatika hata kama limeshika. Na linaweza lisishike. Mwili unaweza kulikataa polepole, hata baada ya miaka. Ila kwa lilivyorudishwa mapema, alisema, ana matumaini. Nilipomwandikia asante akasema nimshukuru mwenye kioo.

Mwenye kioo alikuwa kwenye korido. Daktari alimwita aingie asikie masharti. Tata akasimama mlangoni, uso ukutani, akasikiliza. Kisha akayarudia yote bila kukosea, kama mtoto anayesema fungu la kukariri Sabato asubuhi: asile kitu kigumu, asiume kwa meno ya mbele, aswaki kwa brashi laini, asukutue kwa ile dawa, amalize vidonge, arudi siku aliyoambiwa. Daktari akapiga makofi. Tata akaushukuru ukuta.

Hayo yalikuwa jana.

Leo asubuhi nimeamka nikakuta moshi nje. Tata, mwanamume wa Kikisii ambaye sijawahi kumwona akishika mwiko, alikuwa ameinjika sufuria juu ya mawe matatu nyuma ya jiko. Ndani asingeingia, maana ndani nimelala mimi. Alikuwa ananipikia uji wa wimbi. Malkia amekamuliwa na kijana wa jirani, na nimesikia Tata akimwonya Malkia kwa ukali kuhusu adabu. Nimeletewa uji mara tatu leo. Unawekwa dirishani, unagongwa kidogo, halafu nasikia nyayo zikirudi nyuma. Una madonge. Ametia chumvi badala ya sukari, na haya ya chumvi siwezi kumwambia, kwa hivyo mara zote tatu nimemaliza.

Nilikuwa nimefika hapa kuandika, simu ikalia. Mama mkwe.

"Mama Moraa, huyo mzee yuko karibu?"

Nikamwambia yuko nje. Alishusha sauti. Nyuma yake kwaya ilikuwa inafanya mazoezi.

"Sikiliza. Nimepanga foleni ya kuchaji simu tangu asubuhi ili nikuulize wewe kwanza, kabla sijamuuliza yeye. Jana jioni, kabla ya maombi ya kufunga siku, mchungaji alishika maikrofoni. Akasema mzee wetu wa Nyaramba amepiga simu akilia, anaomba kanisa limwombee binti yake, ameumia vibaya, yuko kwa daktari Kisii. Hema zima likageuka kuniangalia."

Nikachungulia dirishani.

"Binti yake! Mimi nimezaa wavulana sita. Msichana sikujaliwa hata mmoja. Nimekaa na huyo mzee maisha yangu yote. Wamama wananijia na pole, lakini macho yao yanauliza mengine. Mmoja ameniuliza msichana ana umri gani! Sijalala. Wewe uko naye hapo, niambie ukweli, sitakasirika. Huyo mzee ana binti wapi?"

"Mama," nikasema.

"Mbona unaongea hivyo? Una nini mdomoni?"

"Malkia alining'oa jino. Jana. Tata akanipeleka kwa daktari, Kisii."

Kwaya iliimba ubeti mzima.

"Wewe?"

"Mimi."

"Kwa hivyo huyo binti..."

"Nadhani ni mimi, Mama."

Nikatazama simu kama imekatika. Nilimsikia akipenga kamasi. Alipoongea, ile sauti yake ya kufoka ilikuwa imerudi, lakini ndani yake kulikuwa na kitu kingine.

"Basi mwambie baba yako ameniaibisha mbele ya kanisa zima."

Akakata simu.

Nimesimama hapa jikoni ninacheka kwa upande mmoja wa mdomo, ule usiovimba, na machozi yanatoka pande zote mbili. Nitamwambia. Lakini kwanza kuna bakuli la nne dirishani, na yeye amesimama nyuma ya jiko, kalipa dirisha mgongo, na hataondoka mpaka asikie kijiko changu kikikwaruza chini.